USITAJE BEI YA INJINI YA BOTI KABLA HUJAULIZA: "UNAITUMIA MAJI GANI?"

Leo naomba niongee na wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa wanaouza injini za boti, spea zake, pampu za maji na kitu chochote kitakachokutana na maji ya chumvi. Hata kama wewe unauza viatu soma tu, kuna la kubeba mwishoni.

Kuna sentensi naiona kila siku kwenye matangazo: "Injini safi, imetumika ziwani tu, haijawahi kugusa chumvi." Muuzaji anaiweka kama sifa, na kweli ni sifa. Injini iliyokaa Ziwa Victoria miaka mitatu inakuwa na afya kuliko ya umri huo huo iliyokaa baharini. Shida ni kwamba anayeinunua mara nyingi ni mtu wa Tanga, Bagamoyo au Mafia. Kuanzia siku anayoipokea itaanza kugusa chumvi kila siku, na hakuna aliyemwambia afanye nini. Baada ya miezi inachemsha, inazima, halafu anarudi kwenye ukurasa wako kuandika neno moja: TAPELI.

Msimamo wangu ni huu. Muuzaji anayepeleka kifaa cha maji baridi kwenda maji ya chumvi bila maelekezo ameuza nusu ya bidhaa. Maelekezo ni sehemu ya mzigo, yaani yafungwe kwenye boksi pamoja na bolti zake.

Najua utauliza, mtu wa Mungaa anajua nini habari za bahari? Swali zuri. Nina duka la spea hapa Mungaa, wilaya ya Ikungi, Singida. Dukani nauza vitu vya pikipiki na pampu, mtandaoni nauza na spea za boti. Sababu ni barabara tu. Mabasi ya Mwanza kwenda Dar yanapita Ikungi, kwahiyo mzigo wa ziwani na mzigo wa pwani vyote vinapita mlangoni kwetu. Halafu usisahau kwamba sisi Singida chumvi tunaijua. Ziwa Singidani pale mjini ni la chumvi, Kindai vilevile, na visima vingi vya huku ukionja maji yake unakunja uso. Pampu zinaliwa mbele ya macho yetu. Darasani niliishia sekondari, haya mengine nimefundishwa na mafundi, vitabu vya injini na wateja wenyewe.

TUANZE NA CHUMVI YENYEWE

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35. Chukua ndoo ya lita 20, ina karibu gramu 700. Maji ya Ziwa Victoria au Tanganyika hayafikishi hata gramu 1 kwa lita. Hiyo ndiyo tofauti unayomhamishia mteja wako siku unayopandisha injini kwenye basi.

Sasa injini ya nje ya boti inajipooza kwa maji yale yale inayoelea juu yake. Inayavuta kwa chini, impela ya mpira inayasukuma juu, yanazunguka kwenye njia nyembamba ndani ya bloku, yanatoka. Ule mkojo unaouona pembeni ya injini ndiyo ishara kwamba maji yanapita.

Ukizima injini baharini, maji yaliyobaki ndani yanakauka kwa joto na chumvi inabaki imeganda. Kesho inaongezeka juu ya ile ya jana. Njia zinakuwa nyembamba kama bomba la choo lililoziba, mwisho maji hayapiti na injini inachemsha. Kwa nje unakuta rangi inang'aa kabisa, ugonjwa uko ndani.

Na hapa tuongee ukweli. Injini ya pikipiki ikizima, unashuka na kusukuma. Injini ya boti ikizima katikati ya mkondo jioni upepo unavuma, mle ndani kuna watu. Kwahiyo tunapoongelea maelekezo hatuongelei huduma kwa wateja peke yake, tunaongelea nani atarudi nyumbani.

LILE KOSA LA "ZINKI"

Kama ni kitu kimoja tu utakibeba kwenye makala hii, beba hiki.

Kila injini ya boti ina vipande vya chuma cha kijivu vimefungwa kwa nje, kimoja huwa karibu na propela, vingine kwenye mabano. Baadhi ya injini zina vidogo ndani ya bloku pia. Mafundi wengi wanaviita "zinki" vyote. Kazi yake ni kuliwa. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, moja inaliwa ili nyingine ipone. Tunaweka kipande cha bei rahisi kiliwe badala ya bodi ya injini ambayo ni aluminiamu.

Siyo kitu kipya. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, aliwaonyesha wenye manowari kwamba ukiambatanisha vipande vya zinki au chuma kwenye mabati ya shaba yaliyofunika meli, bahari inakula vile vipande na kuiacha shaba. Miaka 200 imepita, bado tunauza dawa ile ile.

Sasa sikiliza vizuri. Vipande hivi vinatengenezwa kwa metali tatu na kila moja ina maji yake:

1. Magnesiamu ni ya maji baridi ya ziwani. Ukiipeleka baharini inaliwa haraka mno, unaweza kukuta imeisha huku mwenye boti anajua bado analindwa.

2. Zinki ni ya bahari. Ukiiweka ziwani inajifunika ganda na kuacha kufanya kazi. Ukiitazama unaona "bado nzima" unafurahi, kumbe imelala.

3. Aluminiamu ya mchanganyiko maalumu (siyo kipande cha sufuria, tafadhali) inafanya kazi baharini na pia kwenye maji ya mchanganyiko, kama kule Rufiji na Pangani mto unapokutana na bahari.

Umeona sasa kwanini nasema uliza maji gani kabla ya bei? Mteja akikuandikia inboksi "boss, zinki ya 40 ipo?" ukajibu "ipo, tuma hela", unaweza kumtumia kitu kinachoingia kwenye bolti sawasawa, kinafanana sawasawa, na hakimlindi hata kidogo.

Na usiulize "ziwani au baharini?" Ziwa siyo lazima liwe maji baridi. Singidani ni ziwa, Natron ni ziwa, Eyasi ni ziwa, na yote ni chumvi. Uliza MAJI GANI, na UNAITUMIA WAPI.

Injini ikihama kutoka ziwani kwenda baharini, badilisha vile vipande vyote hata kama vinaonekana vizima. Mimi siku hizi mtu akichukua spea kubwa ya injini inayohamia pwani, seti ya vipande naiweka kwenye hesabu moja na namweleza sababu. Sijaona aliyegoma baada ya kuelewa. Mengine mawili ya kumwambia: visipakwe rangi kabisa, kwa sababu rangi inavizuia kufanya kazi, na vikiliwa kufika nusu vibadilishwe bila kusubiri viishe.

KARATASI YANGU YA CHUMVI

Hii ndiyo natuma na kila mzigo wa pwani. Naiandika kwa mkono, napiga picha, natuma WhatsApp na nyingine naweka ndani ya boksi. Ruksa kuichukua, sidai kitu.

Kwanza, suuza injini kwa maji baridi kila siku iliyoingia baharini. Kila siku, siyo kila wiki. Tumia yale masikio ya mpira yanayobana pale maji yanapoingilia, uunganishe mpira wa maji. Huna masikio? Weka mguu wa injini kwenye pipa, maji yafunike kabisa tundu za kuvutia. Washa ikiwa haiko kwenye gia, iache ingurume taratibu kama dakika 10. Lazima ipate moto kidogo, maana mle ndani kuna thamostati. Isipofunguka, maji hayafiki kila kona. Kama injini ina tundu lake maalumu la kusuuzia, fuata kitabu chake, nyingi zinasuuzwa hivyo zikiwa zimezimwa.

Pili, usiwashe injini kavu hata kwa "kujaribu sekunde mbili tu". Impela ni mpira na maji ndiyo kilainishi chake. Ikizunguka kavu inaungua ndani ya muda mfupi sana. Hili nawaambia hata wauzaji wanaopenda kurekodi video ya injini inanguruma sakafuni ili wapate wateja. Unaua kitu unachokiuza.

Tatu, ukimaliza kusuuza isimamishe wima maji yachuruzike yote. Mwagia maji baridi na mwili wote wa nje, futa, fungua kava, pulizia mafuta ya kuzuia kutu kwenye nyaya na bolti.

Nne, grisi ya maji kwenye shafti ya propela na kila sehemu yenye chuchu ya grisi. Bolti za stenlesi zinazoingia kwenye aluminiamu zifunguliwe mara moja moja na kupakwa grisi. Ukiziacha mwaka mzima kwenye chumvi zinashikana, fundi anakata.

Tano, angalia mafuta ya gia. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni sili, na mara nyingi kilichokata sili ni uzi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela. Ukiwahi ni kazi ya sili tu. Ukichelewa ni gia zote.

Sita, mkojo wa injini ukipungua, zima. Usisubiri ufike ufukweni. Kwanza angalia kama mfuko wa plastiki umeziba tundu za kuvutia maji.

Saba, impela ni ya kubadilishwa kwa ratiba, isisubiri ife. Mchanga wa ufukweni unaisaga kama msasa.

"WAVUVI WANAJUA, ILA NI WAVIVU"

Hii kauli huwa inanikera. Muuzaji aliyekaa chini ya feni anasema mvuvi hasuuzi injini kwa sababu ya uvivu. Jamani. Sehemu nyingi za pwani maji baridi yananunuliwa kwa dumu. Chombo kinatia nanga mbali na ufukwe. Mtu ametoka baharini alfajiri, samaki wanaharibika, dalali anasubiri, wewe unamwambia atafute lita 200 za maji matamu za kuogeshea injini.

Lakini angalia kitu kingine. Wavuvi wengi wa pwani hawaiachi injini kwenye chombo usiku, wanaogopa wezi. Wanaifungua, watu wawili na mti begani, inalala nyumbani. Basi ushauri wangu kwa mteja ni mwepesi: pipa likae pale pale injini inapolala. Injini imeshabebwa tayari, kazi iliyobaki ni dakika 10. Maji ya pipa anaweza kuyarudia siku mbili tatu, ila akiyaonja na kusikia chumvi ayamwage, hapo anasuuza chumvi kwa chumvi. Mvua ikinyesha akinge ya bati. Maji ya mvua ni baridi na ni bure.

Ushauri unaoendana na maisha ya mteja unafuatwa. Ushauri wa kunakili kwenye kitabu cha watu wenye bomba mlangoni unaishia kwenye simu.

BOTI ZA MICHEZO

Kuna hizi boti za kifahari, zile zinazomvuta mtu anateleza juu ya maji kwa kamba. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maziwa ya kule Marekani, na injini imekaa ndani ya boti kama ya gari. Tangazo lake litakuja na sifa ile ile, "maji baridi tu". Ukiwa dalali wa boti kama hii kwenda Zanzibar au Dar, simama kidogo.

Injini nyingi za namna hii bloku na eksozi zake ni chuma cha kumimina, na nyingi zinavuta maji ya ziwa moja kwa moja mpaka ndani ya bloku. Baharini chuma hicho kinaliwa kwa ndani. Dawa yake ni mfumo wa kupooza uliofungwa: ndani ya bloku inazunguka kulanti kama kwenye gari, na maji ya bahari yanaishia kwenye kifaa cha kubadilishana joto pembeni. Muda mzuri wa kuufunga ni KABLA boti haijagusa bahari kwa mara ya kwanza, bloku ikiwa bado safi. Ile sifa ya "haijawahi kugusa chumvi" thamani yake kubwa iko hapo hapo: inampa mnunuzi nafasi ambayo mwenye injini ya bahari ameshaipoteza. Usipomwambia, ataitupa siku ya kwanza.

Mwambie pia aulize kuhusu trela. Trela za ziwani nyingi ni chuma cha kupaka rangi. Likishuka kwenye maji ya bahari na breki zake, linaoza kabla ya boti, kwahiyo linahitaji kusuuzwa kila safari au kubadilishwa na lililochovywa zinki. Boti yenyewe isilale majini, itolewe na ioshwe. Na ikibidi kulala majini ikapakwa rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, rangi yenye shaba isipakwe kwenye bodi ya aluminiamu. Tumeshaona juu metali mbili zikikutana kwenye chumvi nani analiwa.

"MIMI NI MUUZAJI, SIYO FUNDI"

Nasikia hoja hii sana. Wengine wanaongeza kwamba ukimweleza mteja habari za chumvi anaogopa, anaenda kununua kwa mwingine.

Kuna watakaoenda, sikatai. Muuzaji anayesema "hamna shida boss, piga kazi" anauza haraka kuliko mimi. Lakini hesabu mwaka mzima. Anayenunua kwake ananunua injini mara moja na kumblok. Anayenunua kwangu anarudi kuchukua vipande vya zinki, impela, sili na grisi, miaka na miaka, na akiwa mwaloni au ufukweni simu yangu anawapa wenzake. Sisi wa mtandaoni hatuna fremu mjini. Mtu anamtumia pesa mtu asiyemjua aliyeko Mungaa, kijiji ambacho hajawahi kukisikia. Hapo kinachouza ni maneno yako kuwa ya kweli miezi sita baadaye.

Na kuhusu ufundi, hakuna aliyekwambia ufungue bloku. Unatakiwa ujue maswali matatu: maji gani, wapi, na injini inalala wapi. Jibu likikuzidi, mpigie fundi wa ziwani au wa pwani umuulize, halafu umrudie mteja. Vocha haizidi gharama ya jina lako.

Wewe wa viatu niliyekuita mwanzo, chako ni hiki: uliza kitu kinaenda kutumika wapi kabla hujataja bei. Kiatu cha Njombe kwenye baridi na kiatu cha Lindi kwenye mchanga vinaweza kuwa namba moja na rangi moja, na bado kimoja kisimfae aliyekinunua.

Wauza spea, kuanzia wiki hii kila mzigo wa pwani utoke na karatasi ya chumvi. Wenye uzoefu wa Tanga, Kilwa, Pemba na Mafia, nisahihisheni au niongezeeni kwenye komenti, hasa kuhusu maji ya kusuuzia mnayapataje. Wa Kirumba na Kigoma, mnaouza injini kwenda pwani, hii ni yenu zaidi. Mshirikishe muuzaji mmoja unayemjua.